Saketi au paketi, ujumbe unafika mapema kwa ipi? Hesabu inanipa majibu mawili

mwanagenzi_09

Wakuu habari, naombeni msaada hapa maana nimekaa na hili swali tangu mchana na kila nikiligeuza linatoa jibu jingine. Tumepewa kulinganisha muda ambao ujumbe mmoja unachukua kufika ukipitia mtandao wa saketi (ule wa kama simu za zamani, unaunganishiwa njia kwanza ndo unaanza kutuma) na ukipitia mtandao wa paketi (ujumbe unakatwa vipande vidogo, kila kipande ndo paketi, vinatumwa kimoja kimoja). Data ni hizi: ujumbe una biti 4,000,000, njia ina linki 5 yaani swichi 4 katikati (mashine zinazopokea data na kuielekeza mbele), kila linki ina spidi ya biti 2,000,000 kwa sekunde, ishara inachukua milisekunde 4 kuvuka linki moja, paketi ina biti 10,000, na kwenye saketi kuunganisha njia kunachukua sekunde 0.3. Wamesema mtandao hauna msongamano na heda (maelezo ya anwani yanayobandikwa mbele ya kila paketi) tusizihesabu.

Upande wa saketi sina shida, nimepata sekunde 2.32 na wenzangu wote wamepata hivyo hivyo. Ishu ni paketi. Mimi nimesema hivi, swichi lazima ipokee data yote kwanza ndo iitume mbele si ndiyo? Sasa ujumbe unachukua sekunde 2 kutoka kwenye linki moja, linki ziko 5, 2 mara 5 ni 10, ongeza 0.02 ya ishara kusafiri inakuwa 10.02. Jamaa mmoja wa grupu letu kapata 2.04 na hataki kueleza, anasema tu "ni paipulaini hiyo". Sasa tofauti ya 2 na 10 sio ndogo, mshindi anabadilika kabisa. Nani yuko sawa na kwa nini? Afu kuna kipengele cha pili wanauliza ni katika hali gani saketi itashinda, hapo hata pa kuanzia sipaoni.

fundi_nyaya

Mwenzako yuko sawa, ni 2.04. Ila hiyo 10.02 yako usiitupe, ni jibu sahihi la mtandao wa aina nyingine kabisa, ule ambao swichi inapokea ujumbe mzima mpaka biti ya mwisho ndo inaanza kuusukuma mbele. Vituo vya teleprinta vya zamani vilikuwa hivyo, ujumbe unaingia unatobolewa kwenye utepe wa karatasi, ukiisha mtu anaukata anaupeleka kwenye mashine ya laini nyingine. Kule ndo unazidisha kwa idadi ya linki.

Kwenye paketi lile sharti la pokea yote ndo utume bado lipo, ila linaihusu paketi moja moja, ujumbe mzima haulihusu. Swichi ikishapata biti 10,000 za kwanza haina cha kusubiri, inazitoa, na wakati inazitoa mbele, nyuma inaingiza 10,000 zingine. Ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji, hakuna anayesubiri maji yote ya kisima yafike kwake ndo ampe anayefuata, mikono yote inafanya kazi kwa wakati mmoja. Hiyo ndo paipulaini anayosema jamaa yako.

Njia ya kuhesabu bila kukariri fomula: fuata biti ya mwisho tu, achana na zingine zote. Hiyo biti inakaa kwa mtumaji mpaka zilizo mbele yake zitoke, 4,000,000 gawa kwa 2,000,000, sekunde 2. Ikitoka iko ndani ya paketi ya mwisho, na hiyo paketi bado ina swichi 4 mbele yake, kila swichi inaikusanya yote halafu inaisukuma upya, kusukuma paketi moja ni 10,000 gawa kwa 2,000,000 yaani 0.005, mara 4 ni 0.02. Bado safari ya ishara kwenye waya, linki 5 mara 0.004, hiyo ni 0.02 nyingine. Jumla 2.04. Utauliza mbona haikuti foleni kwenye swichi, ni kwa sababu linki zote zina spidi moja, paketi iliyotangulia inamaliza kutoka muda uleule hii inapomaliza kuingia.

Saketi ni 0.3 + 2 + 0.02. Ile ya swichi haipo kwa sababu kwenye saketi swichi haikusanyi kitu, biti inaingia inatoka. Sasa ziweke pamoja uangalie: sekunde 2 ziko pande zote mbili, safari ya ishara iko pande zote mbili, zinakatana. Kinachobaki ni 0.3 ya kuunganisha huku na 0.02 ya kukusanya-kusanya kule. Basi, swali lako la pili limejibiwa hapohapo, saketi inashinda pale muda wa kuunganisha unapokuwa mdogo kuliko idadi ya swichi mara muda wa kusukuma paketi moja.

Na angalia kitu ambacho watu wengi hawakioni, ukubwa wa ujumbe haumo kwenye hilo sharti. Tuma biti elfu kumi, tuma biti bilioni, mshindi ni yuleyule na anashinda kwa sekunde zilezile 0.28. Kinachobadilika ni kama huo ushindi una uzito wowote, kwenye ujumbe wa sekunde 2 unauona, kwenye faili la saa nzima nani atajua.

bafa_imejaa

Nakazia hapo kwenye kufuata biti ya mwisho. Fomula za hii topiki zinasahaulika wiki moja baada ya mtihani, hiyo haisahauliki. Ila fundi umemwonyesha upande mtamu tu, hujagusa heda wala foleni, na huko ndo ugomvi wenyewe ulipo.

mwanagenzi_09

Asante sana fundi, ya biti ya mwisho imeingia. Kwa hiyo nikiandika saketi inashinda kama kuunganisha kunachukua chini ya milisekunde 20 nimemaliza? Mbona inaonekana kitu chepesi, si waweke swichi za kisasa zenye kasi basi kuunganisha kushuke hadi milisekunde 5 na saketi ishinde kila siku?

kaskazi_77

Hapo kwenye swichi za kasi ndo pananoga, maana muda wa kuunganisha sio namba ya kujipangia. Ombi la kuunganishwa lazima lisafiri mpaka mwisho wa njia, na jibu la "njia iko tayari" lirudi kwa mtumaji ndo aanze. Hata kama swichi zako zinaamua papo hapo bila kupoteza muda wowote, ishara yenyewe inavuka linki 5 kwenda na 5 kurudi, 10 mara milisekunde 4 ni 40. Swali lako linataka chini ya 20. Kwa namba ulizopewa saketi HAIWEZI kushinda hata uwe na swichi za miujiza, fizikia haitaki. Andika hilo kwenye jibu lako, msahihishaji atajua umefikiria.

Ukilisukuma hilo wazo mbele kidogo unapata kitu kizuri. Ili saketi iwe na nafasi yoyote, muda wa kusukuma paketi moja lazima uzidi mara mbili ya muda wa ishara kuvuka linki moja. Sasa chukua paketi ya baiti 1,500 ya ethaneti, biti 12,000. Kwenye nyuzi za kioo mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa spidi ya gigabiti 1, kusukuma paketi hiyo ni mikrosekunde 12, nusu yake 6, mwanga kwa mikrosekunde 6 unakwenda kilomita 1.2. Maana yake linki zako zikiwa ndefu kuliko kilomita 1.2 kila moja, paketi inashinda tu, hata usipojua muda wa kuunganisha ni ngapi. Sasa rudi kwenye laini ya kilobiti 64: paketi ileile inachukua milisekunde 187.5, nusu yake ni kama 94, na umbali unaotakiwa ni kilomita 18,750 kwa KILA linki. Hiyo ni karibu nusu ya mzunguko wa dunia kwa linki moja.

Unaona kilichotokea? Fomula ni ileile haijabadilika hata herufi, ila spidi ya laini imepanda na ule muda wa kukusanya paketi kwenye swichi umeyeyuka, wakati muda wa kuunganisha umegoma kushuka kwa sababu umefungwa na spidi ya mwanga. Ndo maana ARPANET (mtandao wa paketi wa Marekani uliozaa intaneti) ilivyoanza 1969 na laini za kilobiti 50 paketi zao zilikuwa ndogo, kama biti 1,000 hivi. Kusukuma moja ni milisekunde 20. Wangetumia hizi za biti 12,000 kila swichi ingekula milisekunde 240, mtu anachapa herufi kule anasubiri ionekane huku mpaka achoke.

bafa_imejaa

Na kuna swichi siku hizi hazisubiri hata paketi iishe, zikishasoma heda zikajua inakokwenda zinaanza kuitoa huku mkia bado unaingia. Hapo ile 0.02 ya mwanagenzi inakuwa muda wa kukusanya heda tu mara 4, heda ya baiti 40 ni biti 320, kwa megabiti 2 ni milisekunde 0.16, mara 4 haifiki hata milisekunde 1. Saketi imezidi kubanwa.

mzee_wa_mtambo

Vijana mnashangilia mapema. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya simu miaka mingi na hizi hesabu za "mtandao hauna msongamano, heda zisihesabiwe" zimepangwa ili paketi ishinde. Ngoja nirudishe vitu vilivyoondolewa.

Kwanza heda. Kwenye saketi swichi ikishaunganishwa inajua biti zinakwenda wapi, huhitaji kuandika anwani kila mahali. Kwenye paketi kila kipande kinabeba anwani yake. Mnaosema baiti 40 mko sawa kwa heda za IP na TCP (kanuni za kutuma data kwenye intaneti) za kawaida, biti 320. Chukua swali la kijana na paketi zilezile za biti 10,000 za data, ukiweka heda muda unakuwa 2.10 badala ya 2.04, sawa bado mnashinda. Sasa punguza paketi ziwe za biti 1,000 kama za hao ARPANET wenu, paketi zinakuwa 4,000 kila moja imebeba biti 320 za ziada, muda unafika 2.66. Saketi 2.32. Nani kashinda hapo?

Mkikimbilia paketi kubwa ili heda zisiwaumize, za biti 100,000, inarudi 2.23, maana swichi zinaanza kukusanya kwa muda mrefu tena. Na ukifika paketi moja ya ujumbe mzima unaangukia kwenye 10.02 ya kijana. Kwa hiyo kuna katikati panapofaa, na panapatikana kwa hesabu: kipeuo cha pili cha heda mara ujumbe gawa kwa idadi ya swichi. Hapa ni kipeuo cha pili cha (320 mara 4,000,000 gawa kwa 4), kama biti 17,900, muda 2.09. Kijana hiyo ichukue, wanapenda kuiuliza.

Pili foleni, na hii ndo kubwa. Modeli ya kawaida ya foleni inasema linki ikiwa na shughuli nusu ya muda wake, paketi inayochukua milisekunde 5 kusukumwa itakaa kwenye swichi milisekunde 10 kwa wastani. Shughuli ikifika asilimia 90 inakaa 50. Asilimia 95 inakaa 100. Hiyo ni swichi moja. Na hujamaliza, maana kama wengine wameshakula asilimia 90 ya linki wewe umebaki na kilobiti 200 kwa sekunde, ujumbe wako wa sekunde 2 umekuwa wa sekunde 20. Kwenye saketi ukishaunganishwa mwingine aje asije muda wako haubadiliki. 2.32 ni 2.32 saa nane usiku na 2.32 saa nne asubuhi.

paketi_tu

Mzee shikamoo kwanza. Ila kuna kitu umekiruka. Saa nne asubuhi mtandao ukijaa saketi haichelewi kwa sababu HAUUNGANISHWI, unapewa mlio wa bize. Ndo ile kazi ya Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen, fomula yake ya 1917 ni ya kukadiria watu wangapi watakosa laini kabisa. Sasa huyo aliyekosa laini muda wake wa ujumbe kufika tuandike ngapi? Tukimwacha nje ya hesabu ni rahisi kusema waliobaki wote walipata 2.32. Paketi inakuchelewesha, saketi inakufungia mlango, na ukianza kupiga upya na upya huo nao ni muda.

Afu hesabu zenu nyote, hata za fundi, zimekubali kimyakimya kwamba saketi inakupa linki nzima ya megabiti 2. Lini saketi imewahi kumpa mtu mmoja linki nzima? Laini ya E1 ya mitambo ya simu ina kilobiti 2,048 kwa sekunde na imekatwa vipande 32 vya kilobiti 64, 30 vya kuongelea na viwili vya kazi za mtambo wenyewe. Ukiunganishwa unapata kipande kimoja. Weka ujumbe wa mwanagenzi hapo, 4,000,000 gawa kwa 64,000 ni sekunde 62.5, ongeza kuunganisha na safari, 62.82. Kwenye paketi kama wale wengine wamenyamaza unaitumia laini yote unamaliza ndani ya sekunde 2 na ushee. Vipande vingine vyote 29 vya kuongelea vinaweza kuwa vitupu kabisa na wewe bado unadondoshewa biti kwa kilobiti 64 zako, haviguswi.

Nakubali, wote 30 wakituma kwa pamoja bila kupumua paketi nayo itagawana na kila mtu atapata kama kipande chake, na heda juu. Lakini kompyuta hazitumi hivyo. Zinatuma ghafla halafu zinanyamaza, zinatuma tena. Hiyo ndo hoja waliyokuwa nayo kina Paul Baran Marekani na Donald Davies Uingereza miaka ya 1960, na huyo Davies ndo aliyeziita paketi.

Na mzee wewe wa mitambo unalijua hili kuliko mimi: SMS. GSM (mfumo wa simu za mkononi) imejengwa kwa saketi kwa ajili ya sauti, lakini SMS haifunguliwi saketi, inapita kwenye njia za ishara za mtambo, inahifadhiwa kwenye kituo cha SMS halafu inasukumwa mbele. Kwa nini? Herufi 160 ni biti 1,120. Saketi ya data ya GSM mwanzoni ilikuwa ya biti 9,600 kwa sekunde, ujumbe unaisha kwa sekunde 0.12 wakati kuungana tu kunakula sekunde kadhaa. Watu wa saketi wenyewe walifanya hesabu ya mwanagenzi wakaona saketi haifai.

mzee_wa_mtambo

Marahaba. Ya SMS nakupa, ni kweli kabisa na ilikuwa akili nzuri, njia za ishara zilikuwa zipo na nafasi ilikuwepo. Na ya vipande vya E1 nakupa nusu, kwa sababu sauti haikuhitaji zaidi ya kilobiti 64 na kwa sauti hakuna kitu kinachoitwa "kumaliza mapema", mtu anaongea kwa kasi yake. Sauti ukiiweka kwenye paketi unaanza kwa kupoteza: kifaa kinakusanya milisekunde 20 za sauti ndo kipate baiti 160 za kujaza paketi, hizo 20 zimeliwa kabla hujatoka hata mlangoni, afu unabandika heda za baiti 40, robo nzima juu ya mzigo. ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, kwa hiyo kila swichi inayoweka foleni inakula kwenye hizo 150.

Lakini mnaposema "paketi haina kuunganisha" hapo ndo siwaelewi. Faili linakwenda kwa TCP, na TCP inabisha hodi kwanza, inakwenda inarudi ndo data inaanza. Kwenye swali la kijana hiyo ni milisekunde 40 hazijaandikwa popote. Na baada ya hodi TCP haiachii yote, inaanza na paketi 10, ikijibiwa 20, ikijibiwa 40, inaongeza hivyo. Chukua linki za gigabiti 1 na safari ya kwenda na kurudi milisekunde 100, ujumbe uleule wa biti 4,000,000. Kusukuma biti zote ni milisekunde 4 tu! Ila ni paketi kama 343, TCP inatoa 10, 20, 40, 80, 160, halafu 33 zilizobaki, mizunguko sita, na ukiweka hodi ujumbe unakamilika kufika kwenye milisekunde 650. Saketi ya gigabiti 1 iliyounganishwa kwa mzunguko mmoja: 100 + 4 + 50, milisekunde 154. Mnaonaje?

kaskazi_77

Mzee hiyo ni hesabu nzuri na sina la kuipinga kwenye namba. Ila unachopima hapo ni tabia ya TCP kwa muunganisho mpya, paketi kama paketi hazijakulazimisha. Muunganisho ukiwa umeshafunguliwa na dirisha (kiasi inachoachia bila kusubiri jibu) limeshapanuka, ujumbe unaofuata unatoka wote kwa mkupuo, 4 + 50 na ushee kidogo. TCP inaanza polepole kwa sababu haijui kuna nani mwingine njiani, na saketi inaanza kwa kasi kwa sababu imeshawafukuza wengine njiani. Gharama ni ileile, kila mmoja anailipa sehemu yake.

Lakini kwa ujumbe mkubwa kwenye linki za kasi sana saketi haijafa, hilo nakubali. Google walieleza 2022 kwamba kwenye vituo vyao vya data wanatumia swichi za saketi za mwanga, vioo vidogo vinavyogeuzwa kuelekeza mwanga moja kwa moja kutoka tundu moja hadi jingine, hakuna kukusanya paketi wala kusoma heda hapo katikati. Ila hawaunganishi saketi kwa kila ujumbe, wanapanga njia inakaa hivyo kwa muda na paketi zinapita ndani yake. Gharama ya kuunganisha unailipa mara moja unatumia mara nyingi.

mwanagenzi_09

Wakuu mmeshusha madini, nimeandika kurasa tatu. Nina la mwisho. Kuna sehemu C nilikuwa sijaiweka hapa, ni namba zilezile ila linki ya tatu imepunguzwa kuwa megabiti 1, zingine zimebaki 2. Nifuate biti ya mwisho vilevile? Maana sasa kwa mtumaji inatoka kwenye sekunde 2 lakini mbele kuna linki nyembamba.

fundi_nyaya

Vilevile, ila sasa anza kuifuata kutoka kwenye linki nyembamba kwa sababu hiyo ndo inapanga kasi ya kila mtu. Paketi ya kwanza inafika mlangoni pa linki ya tatu baada ya kusukumwa mara mbili, 0.01. Kuanzia hapo linki ya tatu haipumziki, inasukuma paketi 400 kwa 0.01 kila moja, sekunde 4. Ya mwisho ikitoka bado ina linki mbili, 0.01 nyingine. Safari ya ishara 0.02. Jumla 4.04. Saketi nayo inabanwa na linki hiyohiyo, 0.3 + 4 + 0.02 = 4.32. Tofauti ni ileile 0.28, na hiyo sio bahati, swichi nne bado zinakusanya paketi ileile na linki ya tatu imeshahesabiwa ndani ya zile sekunde 4.

Ila hapa angalia kitu: mtumaji kamaliza kutoa vyote kwenye sekunde ya 2, na kufikia muda huo linki nyembamba imetoa karibu nusu tu. Paketi kama 200 zimekaa kwenye swichi ya kabla yake zinasubiri, ni biti 2,000,000, baiti 250,000. Kama bafa ya swichi hiyo (kumbukumbu ya kuwekea paketi zinazosubiri) ni ndogo kuliko hapo paketi zinamwagwa, zinatumwa upya, na 4.04 hiyo huipati.

mwanagenzi_09

Swali halijasema chochote kuhusu bafa.

bafa_imejaa

Andika mstari mmoja juu kabisa, "bafa ya swichi ya pili inachukuliwa kuwa haipungui baiti 250,000", halafu endelea na 4.04 yako. Mimi jina langu hili sikulipata bure.